Mlango Ulioandikwa kwa Kilatini

Ndila alipoingia uani mwa kanisa la baba yake, darasa lilikuwa limeshaanza. Alikuwa ametoka kazini Kiboko moja kwa moja, koti jeupe la maabara ya mbegu bado mwilini, na mkononi alikuwa na mfuko wa maandazi aliyomnunulia Githaiga pale Emali sokoni. Njia nzima alikuwa akitabasamu peke yake. Jumamosi iliyokuwa ikija, wazee wa upande wa Githaiga wangeleta mbuzi wa ntheo, na binti wa Kikamba akishaletewa mbuzi hao, kila mtu anajua ana mwenyewe.

Haikuwa safari rahisi kufika hapo. Baba yake, Mchungaji Nthiwa, alikuwa amekataa katakata. Mkikuyu? Tena Mkatoliki? Tena aliyetoka seminari akiwa amebakiza kidogo tu awe padri? "Mtu aliyemwacha Mungu mlangoni atashindwa kukuacha wewe?" Hivyo ndivyo mzee alivyokuwa akisema kila chai ilipoandaliwa. Lakini Ndila alimsihi, akanuna, akalia, akasusa kula, hata mwisho mzee akainamisha kichwa na kusema, "Waje," kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu.

Chumba hiki cha shule ya Jumapili pia alikuwa amekiomba Ndila. Githaiga alifundisha historia katika shule ya upili pale mjini, na Jumamosi alasiri alifundisha Kilatini bure kwa yeyote aliyetaka. Walikuja wauguzi, karani wa wakili, vijana waliokuwa wakingoja kujiunga na vyuo vya udaktari. Alikuja hata Mama Kanyiva, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, ambaye mwanzoni alitumwa achunguze kama kuna uchawi, lakini somo likamnogea akabaki.

Lilinoga kwa sababu Githaiga hakuwapa majedwali ya kukariri. Alikuwa akifungua mtandaoni vitabu vya picha vya watoto, vile vya bure, vyenye maneno matatu manne kila ukurasa, na kuvionyesha ukutani kwa projekta. Mbwa anakimbia: *canis currit*. Ng'ombe anakunywa maji: *vacca aquam bibit*. Hakuna aliyetafsiriwa kitu. Unatazama picha, unasoma, unaelewa, unacheka. Watu wazima na ndevu zao wakasoma kwa pamoja kama watoto wa chekechea. Vitabu vilipokwisha, Githaiga akaanza kuchora na kuandika vyake mwenyewe na kuvipandisha mtandaoni, na walimu wa nchi za mbali wakawa wanamwandikia kumshukuru. Ndila alikuwa akijivunia jambo hilo kuliko alivyoonyesha.

Sasa alisimama dirishani ili amtazame kidogo kabla hajaonekana. Alipenda kumwona hivyo, mikono ya shati imekunjwa, kidole kinafuata maneno ukutani, na lile jicho lake la upole linalomngoja mwanafunzi mwoga hadi apate ujasiri. Jicho hilo hilo lilikuwa limemngoja yeye pia.

"*Mater abit*," darasa likasoma. Mama anaondoka.

Ndila akatazama ukutani, na tabasamu likamfia mdomoni.

Mwanamke wa kwenye picha alikuwa amevaa gauni la manjano, sanduku mkononi. Nyuma yake lilikuwa jengo la stesheni, lenye paa la mabati na tangi la maji lililoinama upande mmoja. Halikuwa jengo lolote tu. Lilikuwa stesheni ya Emali. Na chini ya tangi alikuwa amekaa msichana mdogo, mguu mmoja ndara nyekundu, mguu wa pili ndara ya bluu.

Githaiga akabonyeza. Ukurasa mwingine.

"*Puella matrem exspectat.*" Msichana anamngoja mama.

Akabonyeza tena.

"*Mater non venit.*"

"Vizuri sana," Githaiga alisema. "Mama haji. Sasa niambieni, kwa nini mama haji?"

"Si ametoroka na mwanaume!" Mama Kanyiva akajibu, hata hakuinua mkono. "Mwanamke na gauni la manjano na sanduku! Hiyo hata Kilatini haihitaji, mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko. Githaiga naye akacheka.

Maandazi yalimtoka Ndila mkononi. Hakujua alifikaje mlangoni. Alijikuta tu amesimama kizingitini, na vichwa vyote vimegeuka, na Githaiga anamtazama kwa furaha. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alimtazama kwa furaha, kama mtu aliyemwandalia zawadi.

"Ndila! Karibu. Nilitaka ukione kikishakamilika. Umebaki ukurasa mmoja tu." Akabonyeza. Ukutani akatokea mwanamume mrefu, mkono umeshika kitasa. "Someni."

"*Pater ianuam claudit*," darasa likasoma, lakini kwa sauti iliyolegea, kwa maana walikwisha kuona uso wa binti wa mchungaji.

"Tokeni nje," Ndila alisema.

"Ndila, kuna nini?"

"Nimesema watoke!"

Wakakusanya vitu vyao bila neno. Mama Kanyiva alikuwa wa mwisho. Aliitazama picha ukutani, akamtazama Ndila, na mkono ukamwendea mdomoni. Alikuwa mgeni Emali mama yake Ndila alipotoweka, lakini alikuwa amesikia. "Ngai!" alinong'ona, kisha akatoka mbio kuelekea nyumbani kwa mchungaji.

Wakabaki wawili, na yule mwanamume wa ukutani ameshika mlango wake.

"Nilikuambia wewe," Ndila alianza. Sauti ilikuwa ndogo. "Peke yako. Siku ile tulipokaa kwenye gari la kaka yako, mvua inanyesha. Nilikuambia jinsi nilivyokuwa nikienda kukaa stesheni, kwa sababu niliambiwa mama alipanda treni na mwanaume kwenda Mombasa. Nilikuambia juu ya ndara, Githaiga. Ndara! Hata baba yangu hakumbuki zile ndara."

"Nimeliondoa jina lako. Msichana hana jina kabisa."

"Umeacha jina ukabeba kila kitu kingine."

"Hakuna mtu angejua ni wewe."

"Kanyiva amejua sasa hivi. Kesho kanisa lote litajua. Wamenicheka nikiwa nimesimama dirishani, na wewe umecheka nao!"

"Nimecheka jibu la mama yule. Sikukucheka wewe."

"Kuna tofauti gani?"

Githaiga alizima kicheko chochote kilichokuwa kimembakia. Akamsogelea, mkono umenyooka, lakini Ndila akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Nisikilize," Githaiga alisema. "Wamesoma mbwa na ng'ombe mpaka wamechoka. Mtu hashiki lugha kwa mbwa anayekimbia. Anaishika kwa kitu kinachomgusa. Nilipokuwa nachora hicho kitabu nililia. Kuna mwalimu ng'ambo ameniandikia, anasema wanafunzi wake wote walilia."

"Walilia?" Ndila alimkazia macho. "Mimi tangu utotoni sijalia mbele ya mtu yeyote kwa ajili ya mama yangu, isipokuwa wewe. Mmoja tu. Sasa unaniambia darasa zima la watu nisiowajua limelia machozi yangu, na unataka nifurahi?"

"Nilikuwa nakuheshimu. Nilikuwa..."

"Ulikuwa unafundisha. Wewe kila kitu ni somo kwako."

Hilo lilimpata. Ndila aliona taya lake likikaza, na lile jicho la upole likawa jicho la mwanamume aliyekwaruzwa mahali pabovu.

"Hadithi ikishasimuliwa haiwi ya mtu mmoja tena," alisema kwa ukavu. "Wako watoto wangapi waliongoja mzazi ambaye hakuja? Unafikiri uchungu ni shamba lako, umelizungushia seng'enge?"

"Basi simulia wako. Chora seminari. Chora siku uliyofunga sanduku ukatoka kwa lango la nyuma, uwaandikie Kilatini kidogo chini yake. Waambie sababu uliyokataa kuniambia hata mimi, mimi ambaye wazee wako wananiletea mbuzi."

Githaiga akageuza uso. Rangi ilimpotea.

"Umeona?" Ndila alisema. "Hiyo hutaki isomwe."

"Usiiguse hiyo."

"Kwa nini? Si hadithi tu?"

"Nimesema usiiguse, Ndila!"

Alikuwa hajawahi kumpigia kelele. Wote wawili walishtuka. Walitazamana wakihema, wamesimama karibu kiasi kwamba Ndila alisikia harufu ya sabuni shingoni mwake, na mwili wake msaliti ukataka kuegemea pale pale ulipozoea kuegemea. Akajichukia. Angemchapa kofi angepoa. Lakini mkono ulikuwa mzito kama jiwe.

Mlango ukasukumwa. Mchungaji Nthiwa aliingia akiwa na kofia mkononi, amevaa ndara za nyumbani, hakupata hata nafasi ya kuvaa viatu. Mama Kanyiva alibaki uani, amejikunja kama kuku aliyenyeshewa.

"Nimeambiwa," mzee alisema. Aliutazama uso wa binti yake, akaona machozi, na kitu kama ahueni kikampita usoni. "Nilikuambia, mwiitu, binti yangu. Nilikuambia au sikukuambia? Huyu mtu hana kwao. Umemkabidhi moyo wako, yeye ameuanika ukutani kama ngozi ya mbuzi."

"Mchungaji, naomba nieleze," Githaiga alisema.

"Utaeleza nini? Umekuja kwa nyumba ya Mungu na lugha ya wafu, tukakuvumilia. Umetaka binti yangu, tukakuvumilia. Sasa unafanya nyumba yangu mchezo wa kuigiza! Ambia wazee wako wafunge mbuzi wao huko huko. Na wewe, Ndila, ukome. Kimeu bado anauliza habari zako. Mtu wa hapa, wa kanisa hili, mtu tunamjua babu yake."

"Baba, usimlete Kimeu hapa."

"Na hii takataka izimwe!" Mzee aligeukia ukutani kwa mara ya kwanza. Akamwona mwanamume mrefu, mkono kwenye kitasa. Akasimama. "Hii ni nini?"

"Ni ukurasa wa mwisho," Githaiga alisema.

"Nimeuliza imesema nini!"

Githaiga alijibu kama mwalimu, pengine kwa mazoea tu. "Baba anafunga mlango."

Kofia ilimponyoka mzee ikaanguka sakafuni.

"Nani alikuambia nilifunga?"

Huko nje lori lilipunguza mwendo barabarani, likapita.

"Nimeuliza! Nani alikuambia? Ni yeye? Umeenda kwake? Umeenda Kitui ukamtafuta, ukakaa naye, akakuambia mambo yangu?" Kidole cha mzee kilimwelekea Githaiga. "Ulikwenda kwa Kaveke?"

Githaiga alimtazama Ndila kwa mshangao mtupu. "Sijaenda popote," alisema polepole. "Ni neno tu, Mchungaji. Hawakuwa wamejifunza neno la mlango. Nilihitaji mlango kwenye kitabu, na mtu wa kuufunga."

Ndila hakuwa akimsikia tena, kwa kuwa Kaveke lilikuwa jina la mama yake. Alikuwa akimtazama baba yake.

"Baba," alisema. "Mama yuko Kitui?"

Mzee aligeukia mlango.

"Uliniambia yuko Mombasa. Uliniambia alipanda treni na mtu. Mimi nilimwambia Githaiga hivyo hivyo. Sikumwambia habari ya mlango wowote, kwa sababu siujui. Ni mlango gani ulifunga?"

"Mwiitu, twende nyumbani. Haya si ya kusemea mbele ya..."

"Ni mlango gani?"

Nthiwa aliketi kwenye kibenchi cha watoto wa shule ya Jumapili, magoti yakamfika karibu na kifua. Ghafla alionekana mzee sana.

"Nyanya yako alikuwa anaumwa huko Mutomo," alisema. "Mama yako akaenda kumuuguza. Nilimpa wiki. Hakurudi. Nyanya akafa, wakazika, bado hakurudi. Watu wakaanza kusema ana mtu huko. Nilikuwa ndio nimewekewa mikono, Ndila, kanisa lilikuwa changa, kila jicho linaniangalia. Jioni aliporudi nilikuwa nimeshasikia ya kutosha. Nilifunga. Akabisha."

"Akabisha?"

"Alibisha mpaka akachoka, wewe umeshalala. Akaenda zake kwao."

"Kulikuwa na mtu?"

"Hakukuwa na mtu."

Ndila alishika meza. "Hakupanda treni."

"Hapana."

"Na mimi nikawa naenda stesheni."

"Sikujua kama utaenda kule. Ulikuwa mtoto, nilikuambia treni ili unyamaze tu."

"Ulijua, Baba." Sauti yake ilipasuka. "Wewe ndiye ulikuwa unakuja kunichukua! Unanishika mkono, unaniambia labda kesho. Kila siku labda kesho! Ulikuwa unatembea na mimi kwenye reli huku unajua hakuna treni itakayomleta!"

Mzee alifunika uso. Githaiga akapiga hatua, akainama kuokota ile kofia, na hapo Nthiwa akafufuka kwa hasira.

"Usiguse kitu changu! Ona ulichofanya! Ona! Toka kwa kanisa langu kabla sijaita vijana wakutoe!"

"Mwache," Ndila alisema.

"Unamtetea? Baada ya..."

"Simtetei. Amenikosea, na nitamalizana naye mwenyewe. Lakini hasira yangu juu yake usiipande kama punda ikubebe utoke hapa. Yako na yake ni mbili tofauti." Akanyoosha mkono. "Nipe namba ya mama."

"Ndila..."

"Unajua aliko. Basi una namba."

Mchungaji Nthiwa alitoa simu mfukoni. Hakutafuta jina. Hakuvaa miwani. Kidole gumba kilibonyeza namba moja baada ya nyingine, kwa wepesi wa mtu anayepita njia aliyoizoea gizani, kisha akamkabidhi bila kuinua macho. Ndila alizitazama namba zile kwenye kioo, akamtazama baba yake, akatoka.

Jua lilikuwa bado kali. Mama Kanyiva alitaka kusema kitu, lakini Ndila alimpita kama mti. Alikwenda mpaka penye kivuli cha ukuta wa kanisa, na akajua, bila kugeuka, nyayo zilizokuwa nyuma yake ni za nani.

"Futa," alisema.

Githaiga alitoa simu yake. Hakubisha safari hii. Alifungua, akabonyeza, akamwonyesha. Kile kitabu kilikuwa hakipo tena mtandaoni.

"Kimekwisha," alisema. "Ndila, nisamehe. Nilikosea. Ningekuuliza."

"Ungeniuliza."

"Ndiyo. Lakini..." Alisita, na laiti angeishia hapo. "Lakini bila kile kitabu usingejua kabisa."

Ndila aligeuka. "Usithubutu. Umerusha jiwe ukilenga ndege, likampata nyoka nyuma ya kichaka. Sasa unataka nikusifu kwa shabaha?"

Githaiga aliinamisha kichwa. Mikono ya shati ilikuwa imekunjuka, vidole vina wino wa kalamu ya ubao. Ndila alimtazama, akajua bado anampenda. Kupenda kulikuwa pale pale, kama mfupa ulivyo pale pale mguu ukivunjika, na ndiyo maana unauma.

"Niliondoka seminari," Githaiga alisema, macho chini, "kwa sababu..."

"La. Usinipe leo kama malipo. Sitaki kubadilishana."

"Basi niambie nifanye nini."

"Nenda nyumbani."

"Na wazee? Jumamosi?"

"Waambie mbuzi waendelee kula majani. Ninaenda Kitui. Sijui nitarudi lini, na sijui nitarudi na jibu gani."

"Nikupeleke. Nitachukua gari la kaka. Sitasema neno njiani, naapa."

"Githaiga." Alilitaja jina lake polepole, kama alivyolitaja siku za kwanza, na aliona jinsi lilivyompasua. "Wanaume wawili nilikuwa nawaamini duniani, nyote mko kwenye uwanja huu. Leo sitaki kupanda gari la yeyote kati yenu."

Githaiga akaelekea langoni, na Ndila akamsindikiza kwa macho hadi akatoka, lakini hakumwita.

Alipobaki peke yake ndipo alipobonyeza. Simu ikalia kwa muda mrefu. Alikuwa karibu kuikata, maneno yote aliyoyapanga tangu utotoni yametawanyika.

Upande wa pili kukasikika sufuria zinagongana, sauti za wateja, kisha mwanamke anayehema kama aliyekuja mbio kutoka jikoni.

"Nthiwa?" sauti ilisema kwa hofu. "Kuna nini? Mtoto wangu ana nini?"

Ndila alijiegemeza ukutani.

"Hana neno, Mwaitu, mama yangu," alisema. "Ni yeye anayekupigia."